Maneno ya Jukwaani na Akili Iliyougua

Tarehe 20 Januari 1843, Edward Drummond alikuwa akitembea kwa miguu katikati ya London, akielekea Downing Street, mtu mmoja alipomjia kwa nyuma akampiga risasi mgongoni. Drummond alikuwa katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Alifariki siku 5 baadaye. Aliyempiga, Daniel M'Naghten, alikuwa fundi wa kukereza mbao kutoka Glasgow, na inavyoelekea alidhani anamuua Peel mwenyewe. Alipohojiwa alisema watu wa chama cha Tory, yaani chama cha Peel, wa mjini kwao ndio waliomlazimisha. Wanamfuata kila aendako, wanamtesa, wamemwondolea amani yote. Malalamiko hayo alikuwa ameshayapeleka kwa baba yake, kwa polisi wa Glasgow, hata kwa mbunge. Wote walimsikiliza, na wote wakamwacha aende zake.

Mwezi uliofuata, kesi ikiwa bado haijasikilizwa, mbunge Richard Cobden alisimama bungeni kuzishambulia sheria za nafaka zilizofanya mkate uwe ghali kwa maskini. Akasema Peel, yeye binafsi, anabeba dhamana ya hali mbaya ya nchi. Peel, ambaye msiba wa katibu wake ulikuwa bado mbichi, aliinuka akiwa amefadhaika, akayachukulia maneno yale kama mwaliko kwa muuaji mwingine. Wabunge wa upande wake wakamzomea Cobden. Cobden akajitetea kwamba alikuwa anazungumzia cheo, hakuwa na maana nyingine. Mvutano uliobaki hapo, kama maneno makali ya mwanasiasa yanaweza kumsukuma mgonjwa wa akili kuua, unarudiwa hadi leo karibu kwa sauti zilezile.

Miaka 168 baadaye ulirudiwa Arizona, Marekani. Tarehe 8 Januari 2011, nje ya supamaketi moja karibu na Tucson, mbunge Gabrielle Giffords alikuwa akikutana na wapiga kura wake. Jared Loughner, kijana wa miaka 22, alimpiga risasi ya kichwa, kisha akawageukia waliokuwa wamemzunguka. Watu 6 walikufa, miongoni mwao jaji John Roll na msichana wa miaka 9. Wengine 13 walijeruhiwa, Giffords akiwa mmoja wao. Siku hiyohiyo Clarence Dupnik, sherifu wa kaunti ya Pima, alisimama mbele ya waandishi akalaumu sumu inayomwagwa redioni na kwenye televisheni, akataja hasa jinsi inavyowafikia watu ambao akili zao hazijatulia. Watu wakakumbuka ramani iliyotolewa mwaka 2010 na kamati ya kisiasa ya Sarah Palin, mwanasiasa wa chama cha Republican, yenye alama za shabaha ya bunduki juu ya majimbo 20, la Giffords likiwemo. Giffords mwenyewe alikuwa ameizungumzia ramani hiyo kwenye televisheni wakati ilipotoka, akaonya kwamba mambo ya namna ile yana matokeo yake. Upande wa pili ukajibu haraka: huyu ni mwendawazimu tu, siasa haihusiki.

Mimi siwezi kusimama na upande wowote kati ya hizo mbili. Wa kwanza ulitaka kumtumia mgonjwa kama ushahidi dhidi ya mpinzani. Wa pili ulitaka kumtumia kama kizibo, ili mjadala uishe. Lile neno "tu" baada ya "mwendawazimu" linaniuma kuliko maneno mengine yote yaliyosemwa wiki ile, na nina sababu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliishi nasi miaka mingi akiwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti na kuamini kwamba anaandamwa. Alikuwa mtu mpole, msafi kupita kiasi, na alipenda redio. Aliketi karibu nayo, sikio likikaribia kuigusa, na mtangazaji akisema "wasikilizaji wetu wapendwa", mjomba aliitikia kwa sauti ya chini: "Nakusikia." Nyuma ya bahasha za dawa aliandika maneno aliyoyakamata kwenye taarifa ya habari, kisha akayaunganisha kwa mistari ya kalamu, hili na lile, hadi karatasi ikajaa. Siku za kawaida waliokuwa wakimwandama hawakuwa na jina. Aliwaita "wale". Wale wamepita usiku. Wale wamegusa maji. Mama alimjibu kwa utulivu, wakamaliza, wakala.

Kampeni zilipoanza, wale walipata jina. Kwanza lilikuwa jina la chama, halafu jina la mtu, kwa sababu mtu huyo alisikika kila siku akisema kwamba nchi imejaa wasaliti, kwamba nyoka wameshaingia ndani ya nyumba na wananchi wamelala. Nakumbuka mjomba alivyomgeukia mama, uso umekakamaa, akauliza: "Dada, huyu anasema nyoka wako ndani ya nyumba. Amejuaje?"

Mama alimwambia yule bwana anawasema wapinzani wake, wala hana habari nasi. Mjomba alitikisa kichwa taratibu, kama anayemhurumia dada yake kwa kutoelewa.

Alichofanya na hofu ile kilikuwa kujifungia chumbani na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa matambara. Hakumwinulia mtu mkono, wala sikumbuki hata mara moja akitishia. Siku moja alitoroka akaenda kwenye mkutano wa hadhara wa mtu yuleyule, akajipenyeza hadi mbele, akipaza sauti kwamba aonyeshwe nyoka wako wapi. Vijana waliovaa fulana za chama walimchukulia kuwa mpinzani aliyetumwa kuharibu mkutano. Alirudi nyumbani akishikiliwa mabegani na watu wasiomjua, jicho limefumba kwa uvimbe, shati lina damu hadi kiunoni. Vijana wale walikuwa wazima wa akili. Walikuwa wameisikiliza hotuba ileile.

Tangu hapo, nikisikia watu wanabishana kama maneno makali yanawaathiri wagonjwa wa akili, najua tayari jibu la sehemu moja. Ndiyo, yanawaathiri, nimeona kwa macho. Kinachonisumbua ni kwamba athari niliyoiona siyo ile inayozungumzwa.

Watu wengi huwaza ugonjwa wa akili kama chumba kilichofungwa, kwamba mgonjwa yuko na dunia yake na ya nje hayamfikii. Sivyo. Ugonjwa hauleti maudhui yake wenyewe. Huleta hofu, huleta hisia kwamba kila kitu kina maana iliyofichwa na kwamba maana hiyo inamhusu mgonjwa, halafu akili huokota kilicho karibu ili ijieleze inachokihisi. Aliye karibu na kanisa ataokota malaika na shetani. Aliye karibu na redio ataokota redio. Watafiti waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa Ljubljana, Slovenia, kuanzia 1881 hadi 2000, waliona kwamba baada ya redio na televisheni kuenea, wagonjwa walizidi kuamini kwamba wanaongozwa na mitambo kutoka mbali.

Mfano ninaourudia sana ni wa James Tilly Matthews, mfanyabiashara wa chai wa London. Alikwenda Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa akijipa kazi ya kupatanisha nchi mbili zilizokuwa vitani, akatiwa ndani na serikali ya mapinduzi, akarudi kwao mwaka 1796 akiwa ameshaharibikiwa. Aliingia bungeni akapiga kelele za "uhaini" kutoka kwenye viti vya watazamaji, na mwaka uliofuata alipelekwa Bethlem, hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliamini kuna genge limejificha mjini na mashine inayofuma hewa na nguvu za sumaku, likiingiza mawazo vichwani mwa mawaziri ili Uingereza isiache vita. Ukiiangalia imani ile utaona kila kipande chake kilikuwa kwenye magazeti ya wakati huo: majasusi wa Ufaransa, njama, wasaliti serikalini, sayansi mpya ya gesi na sumaku. Mgonjwa alivishona pamoja tu. Na hakuua mtu. Akiwa ndani ya hospitali alichora ramani za jengo jipya la hospitali hiyo, akalipwa kwa kazi yake.

Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, yeye na wenzake waliwahoji watu 60 wenye ugonjwa wa kusikia sauti: 20 wa San Mateo huko California, 20 wa Accra, Ghana, na 20 wa Chennai, India. Wa California walisimulia sauti za ukatili, za vita na mateso. Wa Chennai wengi walisikia ndugu zao wakiwaagiza wafanye kazi za nyumbani au wakiwakaripia. Wa Accra wengi walimsikia Mungu, na mara nyingi alikuwa upande wao. Nilipousoma utafiti huo nilimfikiria mjomba kwa muda mrefu. Sauti za mgonjwa zinazungumza kwa lahaja ya jamii yake, na jamii inayotukanana mchana kutwa haiwezi kutarajia mgonjwa wake asikie bembelezo usiku.

Kwa hiyo naamini maneno ya majukwaani humfikia mgonjwa, na humpa jina la adui. Lakini kati ya kumpa jina la adui na kumtia bastola mkononi kuna safari ndefu, na hapo ndipo mifano maarufu inapoachana.

Charles Guiteau ndiye ninayeona siasa imemwingia hasa. Mwaka 1881 chama cha Republican cha Marekani kilikuwa kimepasuka. Upande mmoja alikuwa Rais James Garfield, upande mwingine kundi lililojiita Stalwart chini ya seneta Roscoe Conkling, na magazeti yalijaa shutuma za usaliti. Guiteau alikuwa ameandika hotuba ya kumpigia debe Garfield, akajiaminisha kwamba imemletea ushindi na kwamba anastahili kuwa konseli, yaani balozi mdogo, huko Paris. Alihangaika ofisi hadi ofisi, mpaka waziri wa mambo ya nje James Blaine akamwambia asimtajie tena habari hiyo. Wakati uleule ugomvi wa chama ulikuwa umefika kileleni, naye akiufuata magazetini siku baada ya siku, na ndipo likamjia wazo kwamba Garfield lazima "aondolewe" ili chama kipone. Akaamini ni agizo la Mungu. Tarehe 2 Julai alimpiga risasi rais kwenye stesheni ya treni ya Washington, akatangaza hapohapo kwamba yeye ni Stalwart na kwamba sasa Arthur, makamu wa rais, atakuwa rais. Garfield alikufa Septemba 19, na Guiteau akanyongwa mwaka uliofuata.

Lakini miaka 6 kabla ya hapo, mtu huyuhuyu alikuwa amemwinulia dada yake shoka, na daktari akashauri apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakupelekwa. Magazeti hayakumtia ugonjwa, wala hayakumtia ukatili. Yalimwonyesha pa kuuelekeza, yakamshonea vazi la uzalendo la kuuvalisha. Hilo ni kosa lao, na si dogo, lakini halikuwa la kwanza wala la peke yake.

Loughner ni kinyume. Marafiki zake walisimulia kwamba mwaka 2007, miaka 3 kabla ya ile ramani, alihudhuria mkutano wa Giffords akamuuliza serikali ni nini ikiwa maneno hayana maana. Jibu halikumridhisha, na kinyongo kikaanzia hapo. Alishughulishwa na sarufi, akiamini serikali inatawala akili za watu kupitia sarufi, na alitaka kutunga sarafu yake mwenyewe. Hakuna ushahidi uliojitokeza kwamba ramani ya Palin ilimhusu kwa namna yoyote. Wanafunzi na walimu wa chuo alichosoma walimwogopa. Mwaka 2010 chuo kilimsimamisha, kikawaeleza wazazi kwamba hatarudi bila barua ya mtaalamu wa afya ya akili. Wazazi walimnyang'anya bunduki aliyokuwa nayo, wakawa wanalizima gari usiku asiweze kutoka. Mwishoni mwa Novemba aliingia dukani akanunua bastola kihalali.

Nikiyasoma hayo nawaona wazazi wale wakiwa na funguo mkononi, wakifanya kila wanachoweza kukifikiria bila mtu wa kuwaelekeza, na sioni jinsi hotuba tulivu zaidi za wanasiasa zingewasaidia. Matibabu ya kweli aliyapata mwaka 2011, kwenye hospitali ya gereza huko Springfield, Missouri. Baada ya dawa akili ilitulia kiasi cha kuelewa kesi yake, na Agosti 2012 akakiri makosa.

Sasa niseme linalonikera zaidi. Mjadala wote huu unawalenga wagonjwa, kana kwamba wazima wakisikia uchochezi hutikisa vichwa na kwenda kulala. Historia inasema wazima ndio wasikilizaji hodari.

Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israeli, aliuawa Novemba 4, 1995, na Yigal Amir, mwanafunzi wa sheria, mtu mwenye akili timamu. Mwezi mmoja kabla, kwenye mkutano wa hadhara Jerusalem, zilisambazwa picha za Rabin akiwa amevalishwa sare ya SS ya Wanazi, na neno "msaliti" lilikuwa limeshakuwa kiitikio. Jo Cox, mbunge wa Uingereza, aliuawa kwa risasi na kisu Juni 16, 2016, wiki moja kabla ya kura ya maoni ya Brexit, ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Habari za mwanzo zilijaa uvumi juu ya afya ya akili ya muuaji. Alipofikishwa mahakamani na kuulizwa jina lake, Thomas Mair alijibu: kifo kwa wasaliti, uhuru kwa Uingereza. Novemba alihukumiwa kifungo cha maisha bila matumaini ya kutoka, na utetezi wake haukuegemea ugonjwa wa akili hata kidogo. Uvumi ule wa siku za mwanzo, hata hivyo, uliwabaki wasomaji vichwani, na kila mwenye ndugu anayeumwa aliulipia.

Rwanda mwaka 1994 hakuna aliyejaribu kusema ni wagonjwa. Redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, ikataja watu na mahali, na waliobeba mapanga walikuwa wakulima, walimu, majirani wa siku zote. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 viongozi wawili wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura, ikakubali kwamba mtu anaweza kujibu mashtaka ya mauaji ya kimbari kwa sababu ya alichotangaza na alichochapisha.

Hata kwenye hali ya utulivu dalili zipo. Mtafiti wa Marekani Nathan Kalmoe aliwapa watu matangazo ya kisiasa yaleyale, tofauti ikiwa kwamba baadhi yalitumia lugha ya mapigano, maneno mepesi tu ya "kupigana" na "vita" dhidi ya tatizo fulani. Kwa wengi hayakubadilisha kitu. Kwa watu wenye tabia ya ugomvi katika maisha yao ya kila siku, yaliongeza kukubali kwao kwamba wanasiasa wanaweza kushambuliwa. Hao ni watu wa hasira, wapo kila ofisi na kila ukoo. Hakuna daktari atakayewaandikia dawa.

Na kuna kesi ya Norway ambayo inanifanya nifikiri zaidi kuliko zote. Tarehe 22 Julai 2011 Anders Breivik aliua watu 77, kwa bomu mjini Oslo na kwa bunduki kwenye kambi ya vijana ya kisiwa cha Utøya. Madaktari wawili wa kwanza waliteuliwa na mahakama wakasema ana skizofrenia: mtu anayejiona shujaa wa siri, anayeamini kuna vita vya kuangamiza Ulaya na kwamba ana mamlaka ya kuamua nani afe. Kukatokea kelele, wakateuliwa wengine wawili, nao wakasema hana saikosisi, yaani akili yake haijapoteza uhalisia. Mahakama ikafuata ripoti ya pili.

Sidhani wale wa kwanza walikuwa wajinga. Waliona maneno ya kutisha wakayapima kama madaktari wa akili wapimavyo. Lakini sehemu kubwa ya maneno yale hakuyatunga yeye. Aliyanakili kutoka kwa waandishi wa intaneti waliokuwa wakisema waziwazi kwamba viongozi wa Ulaya wameuza nchi zao. Udaktari wa akili una kanuni ya busara: imani ambayo kundi zima la mtu linaishiriki haihesabiwi kuwa dalili ya ugonjwa. Basi fikiria inakuwaje pale ambapo siasa yenyewe imeanza kusema kama mgonjwa, pale ambapo majukwaa na redio zinahubiri kwamba kila jambo ni njama na kwamba adui ameshaingia ndani. Mgonjwa anafichwa na kelele za wazima.

Hilo tuliliona nyumbani kabla sijajua lolote kuhusu Norway. Wakati wa kampeni zile, wageni waliokuja kumsalimia mama walimkuta mjomba akisema nchi imeuzwa na nyoka wamo ndani. Wakamwitikia, "Kweli kabisa, mjomba." Walicheka naye, wakaongeza ya kwao. Mgeni mmoja aliondoka akimsifu kwamba ana akili sana. Mjomba alikuwa ameacha kulala na vidonge alivitema kwenye sinki, lakini alisikika kama mtu yeyote anayefuatilia siasa. Daktari alikuja kubadilisha dawa baada ya kile kipigo. Mwaka wenye siasa tulivu tungeshtuka mapema, kwa sababu mtu anayesema nyoka wako ndani ya nyumba angekuwa ni yeye peke yake.

Dhara hili silioni likitajwa, nami naliona kubwa kuliko lile la kutafuta hotuba ipi ilimfyatulia nani risasi. Siasa ya jazba inamwambia mgonjwa kwamba hofu yake ni sahihi, na inatunyima sisi tunaoishi naye nafasi ya kusikia kwamba ameanza kuzama.

Takwimu ziwepo, kwa sababu hofu juu ya wagonjwa hupanda kila baada ya tukio. Jeffrey Swanson na wenzake, waliochunguza uhusiano wa magonjwa makubwa ya akili na ukatili Marekani kwa miongo kadhaa, wanakadiria kwamba magonjwa hayo yangetibika yote kesho, ukatili ungepungua kwa karibu asilimia 4. Utafiti wa MacArthur wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali, wakiwa hawatumii pombe kupita kiasi wala dawa za kulevya, hawakuwa wakatili kuliko majirani zao wasiotumia vitu hivyo. Mgonjwa wa akili ana nafasi kubwa zaidi ya kupigwa kuliko ya kupiga.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka mwanasiasa apunguze ukali "kwa sababu ya wale wasio timamu". Apunguze kwa sababu ya walio timamu. Mwanasiasa anayemwita mwenzake mende, nyoka au msaliti ahukumiwe kwa neno hilo siku aliyolitamka, risasi ilie isilie. Tukingoja maiti ndipo tuulize kama neno lilikuwa baya, atapata daima daktari wa kumwambia muuaji alikuwa anaumwa, na neno litatoka mahakamani likiwa safi.

Waandishi wa habari nao, naomba, wasitaje ugonjwa wa akili wa mshambuliaji kwa sababu tu jirani mmoja alisema alikuwa mkimya. Wangoje mahakama na madaktari.

Ama sisi tunaoishi nao, kuna jambo moja kwenye utafiti wa idara ya ulinzi wa viongozi ya Marekani ambalo nimelibandika moyoni. Robert Fein na Bryan Vossekuil walichunguza watu 83 walioshambulia, au walioelekea kushambulia, watu mashuhuri wa nchi hiyo tangu 1949. Hawakupata sura moja inayofanana. Waliomtishia mlengwa moja kwa moja walikuwa wachache mno. Lakini wengi waliwahi kumdokezea mtu wa karibu, au kuandika mahali. Aliyesikia kwanza alikuwa ndugu, rafiki, mtu wa kazini.

Kwa hiyo nikiulizwa na mwenye ndugu kama mjomba wangu, huwa simwambii aizime redio. Mgonjwa akinyang'anywa redio ataona kuna kinachofichwa. Namwambia aketi naye wasikilize pamoja, kisha aulize waziwazi: unadhani huyu anasema na wewe? Aangalie usingizi kabla ya kuangalia maneno, maana kwetu usingizi ulitangulia kupotea. Amwone daktari kampeni zinapoanza, asingoje zikolee. Silaha yoyote iondoke nyumbani, hata kama mgonjwa hajawahi kuigusa. Na siku "wale" watakapopata jina la mtu aliye hai, na mgonjwa akaanza kuuliza mtu huyo anaishi wapi au atapita barabara gani, hiyo ni siku ya kutafuta msaada kabla ya jua kuzama. Msaada huo uwe na namba inayopokelewa na muuguzi, kwa sababu ndugu wengi hunyamaza wakijua kwamba anayekuja ni polisi mwenye bunduki.

Namba ya namna hiyo sisi hatukuwa nayo. Mama alikuwa akimpigia simu mwalimu wake wa zamani kumuuliza afanye nini.